Kabla hujasema mteja hajui kuimba, cheki maiki kwanza

Kuna mama mmoja, kwa jinsi anavyovuta pumzi nadhani ni mwanakwaya, alikuja karaoke ya Ijumaa kwenye baa moja huku Njiro, Arusha, ambako nilikuwa naendesha saundi. Kapanda, kaimba, watu wakaanza kupiga stori zao na wengine wanacheka kabisa, maana sauti ilikuwa inatoka kama mtu anaongelea ndani ya ndoo. Akashuka kimya akarudi mezani kwake. Usiku tunafunga vitu nikafungua kichwa cha ile maiki, aisee, sponji ya ndani ilikuwa imegandamana, mate, vumbi, lipstiki, bia za miezi na miezi. Nikaiosha. Wiki iliyofuata nikamuomba arudi, akaimba wimbo ule ule na baa nzima ikanyamaza mpaka wa jikoni wakatoka kuangalia ni nani. Mama yule yule, koo lile lile. Ndo maana naandika hii kwa wenye baa na vijana mnaoshika miksa (ile mashine ya kurekebisha sauti) Arusha na Moshi, kwasababu iliniuma sana na najua wapo wengi walioshuka jukwaani hivyo na hawakurudi tena.

Tuanze na kuosha maana haina gharama. Maiki nyingi za kuimbia kile kichwa cha wavu unakizungusha kinafunguka kama mfuniko wa chupa. Ile sehemu ya ndani inayonasa sauti isipate hata tone la maji, ifunike na kitambaa kikavu uiweke mbali. Wavu na sponji yake osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, pitisha mswaki laini kwenye matundu, suuza, kung'uta, afu acha vikauke kabisa ndo urudishe. Hapo kwenye kukauka ndo sisi wa Chuga, yaani Arusha, tunapata shida, mwezi wa 6 na wa 7 na kile kibaridi sponji inalala usiku kucha na asubuhi bado mbichi, nyie wa Moshi mna afadhali. Usiiweke karibu na jiko la mkaa ili ikauke haraka, itayeyuka. Uwe tu na wavu wa akiba. Na kwanini uchafu unaua sauti? Sauti nyembamba za juu, zile zinazobeba s, sh, f na t, ndo zinashindwa kupenya kwenye sponji chafu ila zile nzito zinapita, kwahiyo unasikia mngurumo lakini maneno huyapati. Ukitaka kujua yako ikoje sema "sisi sasa tushushe samaki" kwenye maiki, afu sema "pikipiki, pilipili, papai". Kama s zimefifia, osha. Kama kila p inapiga spika kama ngumi, sponji imeisha au hamna kabisa.

Kununua sasa. Kwa baa chukua maiki ya dainamiki, ile isiyohitaji umeme wa miksa, ya kondensa waachie wa studio, hiyo ya kondensa inataka volti 48 kutoka kwenye miksa na inanasa kila kitu, utasikia mpaka sahani za jikoni. Na iwe ile inayosikia zaidi mbele, pembeni inapungua, nyuma karibu haisikii kitu. Shure SM58 iko sokoni toka 1966 na ni moja ya zinazoigwa sana, utakuta madukani nembo na boksi vinafanana kabisa na orijino. Orijino ina gramu 298, kwahiyo nenda na kamzani ka jikoni, ikiwa nyepesi sana achana nayo, ila uzito peke yake hautoshi, bei nayo iangalie. Huko Marekani inauzwa karibu dola 100, wewe ukiambiwa mpya elfu thelathini ujue unanunua nembo. Kama hela ya hiyo hamna, bora maiki ya bei ya kati yenye jina lake yenyewe kuliko feki yenye jina kubwa.

Haya, ule mlio. Wiiiiii, watu wanaziba masikio, muimbaji anaona aibu kama yeye ndo kakosea. Mlio unatokea pale sauti ya spika inaporudi kuingia kwenye maiki, miksa inaikuza, inatoka tena, inaingia tena, inazunguka hivyo hivyo mpaka inapiga kelele. Wengi wanakimbilia kupunguza sauti, mimi nakwambia kwanza angalia TV iko wapi. Baa nyingi TV ya maneno imetundikwa ukutani na spika ziko ukuta huo huo, muimbaji anasoma maneno kageukia ukutani, nyuma ya maiki ndo kunatazama spika kwahiyo pametulia, sasa ikifika kiitikio anageuka kuwasalimia washkaji zake na mdomo wa maiki nao unageuka unatazama spika, hapo hapo wiiii. Spika zinatakiwa ziwe mbele ya muimbaji, kushoto na kulia, zinatazama wateja, na yeye asimame nyuma ya spika hizo. TV ya pili ndogo au hata laptopu iwekwe chini mbele yake ili asome huku anawaangalia watu. Hata kuimba kwenyewe kunabadilika, mtu akiangalia watu anaimba kwa moyo.

Kingine ni kushika. Huu mji ni wa hiphopu, kila chalii akipanda anaikumbatia ile bolu, yaani kichwa cha maiki, kwa kiganja kama anavyoona kwenye video. Ukiziba pale unaziba vitundu vya nyuma vinavyosaidia maiki isisikie upande wa pili, kwahiyo inaanza kusikia kila upande, mlio unakuja na sauti inakuwa ya puani. Mwambie kwa upole kabla hajaanza, ashike katikati ya mpini, mdomo uwe vidole viwili hivi kutoka kwenye wavu, akifika pale pa kupaza asogeze nyuma kidogo. Ukiwa karibu sana besi inaongezeka, kwa mwenye sauti nyembamba hiyo inasaidia, kwa mzee mwenye sauti ya radi inakuwa tope. Na usiruhusu kupuliza maiki kuijaribu, wala kuipiga na kiganja.

Kwenye miksa sitakaa sana. Geini, ile ya kuongeza nguvu ya sauti ya maiki inapoingia kwenye miksa, usiiweke kwa "cheki, moja mbili", mtu haimbi hivyo, mwambie aimbe pale pa juu kabisa, taa nyekundu ikiwaka punguza. Bonyeza ile ya kukata besi ya chini, hezi 80 mpaka 100 (hezi ni kipimo cha sauti, namba ndogo ni nzito, kubwa ni nyembamba), itaondoa ngurumo ya mkono na ya meza. Sauti ikiwa kama ya kwenye ndoo wakati maiki ni safi punguza kidogo kwenye hezi 250 mpaka 400. Na eko jamani. Najua watu wanaipenda, inaficha makosa, lakini ikizidi maneno yanapandana na muimbaji mwenyewe anapoteza mdundo, weka mpaka uisikie afu irudishe nyuma kidogo.

Zisizo na waya ni nzuri ila zina masharti. Betri mpya kila usiku, sio mpaka ziishe, maana zikikaribia kuisha sauti inakatika katikati ya wimbo. Kile kipokezi, kiboksi kinachopokea sauti ya maiki, usikifiche nyuma ya friji ya bia, kiweke juu kionane na jukwaa, maana chuma na miili ya watu vinazuia mawimbi. Maiki mbili zisiwe chaneli moja. Za bluetuthi msinunue kwa kazi hii, sauti inachelewa, mtu anaimba na spika inamfuata nyuma. Kama ni ya waya tumia waya wa pini tatu mpaka kwenye miksa, ule wa jeki kubwa ukiwa mrefu unaokota mvumo wa umeme, na usiulaze sambamba na waya za umeme, kama lazima zikutane zipishane kama msalaba.

Mwisho, saa 11 jioni kabla wateja hawajajaa, washa kila kitu kwa sauti ile utakayotumia usiku, shika maiki utembee nayo baa nzima huku unaongea. Pale itakapoanza kulia bandika selotepu sakafuni, na usiku muonyeshe kila anayepanda kwamba akifika kwenye ile selotepu asivuke.