SOMO: Timu za besiboli ya Marekani (MLB) zikilingana, nani anaingia mchujo wa kutafuta bingwa? (Soma kwanza ndipo uulize)

Wakuu, kila Septemba ikiisha naulizwa lile lile: "Mechi ya 163 inachezwa lini?" Ndiyo ile mechi moja ya ziada ya kuamua timu zilizolingana baada ya mechi 162. Haichezwi. Ilifutwa 2022. Naandika leo, mwakani natuma linki tu.

1. Tazama ushindi na vipigo. Mechi ni 162, sare haipo.

2. Ligi ziko mbili, kila moja ina divisheni (makundi) 3. Vinara wake wanapita, pamoja na timu 3 bora kati ya zilizobaki.

3. Zikilingana, tazama zilivyofungana zenyewe msimu huo. Hapa ndipo nilipochemsha. Mwaka 2025 Mets wa New York na Reds wa Cincinnati walimaliza wote 83-79 (ushindi 83, vipigo 79), nafasi imebaki moja. Mimi na kichwa changu cha soka nikashika kalamu, nikatoa mikimbio (ndiyo pointi za besiboli) ya kufungwa kwenye ya kufunga kama tunavyofanya mabao, nikamwambia jamaa yangu wa kazini, Mets damu, kwamba wamepita. Kumbe Reds walishawapiga mechi 4 kwa 2, basi wakapita wao, tena siku ambayo nao wamefungwa na Brewers! Jamaa hadi leo ananiita Profesa. Kwa hiyo: TOFAUTI YA MIKIMBIO HAIHESABIWI. Ushindi wa 10-0 na wa 1-0 ni kitu kimoja.

4. Bado sawa? Rekodi ndani ya divisheni yao. Halafu dhidi ya divisheni nyingine za ligi yao. Huko hufiki mara nyingi.

MASWALI

mtazamaji_tu: Sasa hiyo mechi ya 163 ni lini mkuu?
— Rudi juu, mstari wa pili.

kaka_wa_mbagala: Nina uhakika tofauti ya mikimbio inahesabiwa. Wewe umeitoa wapi?
— Kwenye aibu yangu. Hatua ya 3.

binti_pwani: Asante kwa somo. Zamani mwenyeji wa mechi hiyo alipatikanaje?
— Swali zuri dada. Kwa kurusha shilingi! 2008 Twins walikuwa wamewashinda White Sox wa Chicago mechi 10 kwa 8, lakini shilingi ikawapeleka Chicago, wakafungwa 1-0. Mwaka uliofuata shilingi ikaachwa, uenyeji ukafuata walivyokutana. Mechi yenyewe ilihesabiwa kuwa ya msimu wa kawaida, takwimu za wachezaji zikiongezeka. Tafuta ya 2007, Rockies na Padres, 9-8. Matt Holliday anateleza kuelekea nyumbani, vumbi tupu, na watu bado wanabishana kama aliigusa sahani, ile ya nyumbani ambayo lazima uiguse ndipo mkimbio uhesabiwe.

binti_pwani: Na zikilingana timu tatu?
— Ilitokea 2024: Mets, Braves na Diamondbacks wa Arizona, wote 89-73, nafasi zimebaki mbili. Arizona walikuwa nyuma ya wote wawili kwa walivyokutana, wakatoka. Na walikuwa wamemaliza mechi zao Jumapili. Jumatatu wamekaa wanawatazama Mets na Braves wakicheza mbili kwa siku moja, za kufidia zilizoahirishwa kwa kimbunga Helene. Kila mmoja akashinda moja, wote wakapita. Mmoja angeshinda zote mbili, mwenzake angebaki na ushindi 88 na Arizona wangeingia.

mzee_kahawa: Mimi naikumbuka mechi ya 163 ya 1978, Bucky Dent wa Yankees akapiga, mpira ukavuka ule ukuta mrefu wa Boston. Mmetunyima raha.
— Shikamoo mzee. Na mimi naimisi. Lakini mchujo sasa una timu 12, na kalenda haina siku ya akiba.

mtazamaji_tu: Jumapili ya mwisho zinaanza saa ngapi huku Dar?
— Leo umeuliza cha maana. Karibu zote kwa pamoja, kama saa 4 usiku. Fungua skrini mbili.