Somo: Biti inaposema "naweza", draiva yako isikurupuke

Habari zenu wakuu. Somo la leo ni la wale wanaoandika draiva ya AHCI, yaani kontrola ya SATA, na wameshafika mahali diski inasomeka. Hapo ndipo tamaa huanza: tuwashe NCQ (foleni ya amri nyingi kwa diski kwa mpigo), tuwashe DMA ya biti 64 (kontrola kuandika yenyewe kwenye RAM kwa anwani ndefu). Kontrola yenyewe imetangaza inaweza, sasa shida iko wapi?

Shida niliikuta mwenyewe. Draiva yangu ya kwanza niliipima kwenye kompyuta kuukuu yenye RAM ya GB 2, ikapiga kazi wiki nzima bila kulalamika. Nikaihamishia kwenye mashine ya GB 8. Ikabuti vizuri, ikasoma vizuri, halafu faili zikaanza kuharibika moja moja bila ujumbe wowote wa kosa. Nikabadilisha kebo mara mbili. Nikamlaumu muuza diski. Kumbe nilikuwa naipa anwani za biti 64 kontrola inayomudu 32 tu: nusu ya juu ya anwani inadondoka njiani, data inamwagwa kwenye RAM ya mwenyewe mwingine huko chini ya GB 4. Kwenye ile ya GB 2 nusu ya juu ni sifuri siku zote, kwa hiyo kosa halikuwa na pa kujitokeza.

Hatua ya 1: Soma CAP, lakini uliza kwanza kama kifaa kiko hai

CAP, rejista ambayo kontrola hutangazia uwezo wake, iko mwanzo kabisa wa rejista za AHCI, ofseti 0x00 ndani ya BAR namba 5 (dirisha la kuzifikia rejista za kifaa). Kabla ya kutafsiri biti yoyote, hakikisha hujapata 0xFFFFFFFF. Kifaa cha PCI kilichokufa au kuchomolewa hurudisha 1 kwenye kila biti, na draiva isiyouliza itaelewa kwamba kontrola hii ina kila kitu duniani.

Ukijifunzia kwenye QEMU, programu ya kuigiza kompyuta, kwa kontrola yake ya ich9-ahci yenye poti 6, utakutana na 0xC0141F05. Tuisome kutoka kulia. 05 ni poti, ila hesabu inaanzia sifuri, kwa hiyo ni 6. Na ni biti tano za chini tu, usibebe baiti nzima. 1F ni nafasi za amri: 31, nazo pia unaongeza moja, zinakuwa 32. Hii moja ya kuongeza imewatoa watu jasho. Katika 14, ile 1 ni kasi ya Gbps 1.5, na 4 ni biti ya 18: kontrola ni AHCI tupu, haina sura ya zamani ya IDE. C ya kushoto ni biti ya 31, S64A, anwani za biti 64. Na ya 30 ni SNCQ, yaani inamudu NCQ.

Hatua ya 2: Toleo kwanza, CAP2 baadaye

CAP2, rejista ya pili ya uwezo, ofseti 0x24, ilikuja na AHCI 1.2. Soma VS, rejista ya toleo, kwenye 0x10; ikiwa chini ya 0x00010200, ihesabu CAP2 kuwa sifuri. Hiyo QEMU yetu hujitangaza 0001.0000, kwa hiyo haikuhusu. Na poti zipi zipo kweli, uliza PI kwenye 0x0C. Ile namba ya kwenye CAP inasema ni ngapi, haisemi ni zipi.

Hatua ya 3: Tengeneza orodha ya vimeo, yaani kontrola zinazotangaza wasichokiweza

Linux inayo yake ndani ya ahci.c, na nashauri uisome kama unavyosoma gazeti. Mfano ninaoupenda ni kontrola ya SB600 ya ATI. CAP yake inasema S64A ipo, lakini keneli imeibandika bendera AHCI_HFLAG_32BIT_ONLY na kuifuta hiyo biti. Kwenye logi utakuta "controller can't do 64bit DMA, forcing 32bit". Utamu wenyewe ni huu: kwenye ubao wa ASUS M2A-VM ilibainika kwamba BIOS iliyotoka tarehe 26 Oktoba 2007 na zilizofuata hazina tatizo. Basi ikaandikwa ahci_sb600_enable_64bit, ambayo inasoma jina la ubao na tarehe ya BIOS ndipo iirudishe biti kwa wanaostahili. Yaani wote wamezimiwa, anayeruhusiwa ni yule aliyethibitishwa. Ningekuwa na orodha ya namna hii siku zile, muuza diski angepona matusi yangu.

Hatua ya 4: Kata biti za uongo kwenye nakala ya CAP, na nakala iwe moja

```c
u32 cap = readl(mmio + HOST_CAP);

if (cap == 0xffffffff)
        return -ENODEV;
hp->cap_asili = cap;
if (kimeo & KIMEO_BITI32)
        cap &= ~HOST_CAP_64;
if ((kimeo & KIMEO_NCQ) || !tuna_logi_10h)
        cap &= ~HOST_CAP_NCQ;
hp->cap = cap;

rc = dma_set_mask_and_coherent(dev,
        DMA_BIT_MASK(cap & HOST_CAP_64 ? 64 : 32));
if (rc)
        return rc;
```

Hiyo tuna_logi_10h utaielewa Hatua ya 5. Kuanzia hapo asiwepo mwingine wa kuisoma rejista ya CAP. Kila anayetaka kujua uwezo aulize hp->cap. Nimeona draiva ambayo kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa msimbo wa kuamka kutoka usingizini uliita readl upya, na kimeo kilichozikwa asubuhi kikafufuka jioni mtu alipofunua laptopu.

cap_asili ina kazi yake. Kuna kontrola ambazo ukiziriseti hupoteza thamani zilizowekwa na BIOS, ndiyo maana Linux huhifadhi CAP na PI za mwanzo na kuziandika tena baada ya kuriseti.

Hatua ya 5: NCQ inataka watatu wakubaliane

Kontrola kwa SNCQ. Diski kwa jibu la IDENTIFY, amri ya kuiuliza ijieleze: biti ya 8 ya neno la 76, kisha kina cha foleni kwenye neno la 75, nacho kinaanzia sifuri. Chukua kilicho kidogo kati ya nafasi za kontrola na kina cha diski.

Wa tatu ni wewe, na ndiye anayesahaulika. Je, draiva yako inajua kuandika PxSACT (rejista ya amri za NCQ zilizo njiani) kabla ya PxCI (rejista ya kuzituma)? Inazuia amri ya kawaida isiingie wakati za NCQ bado ziko njiani? Amri moja kati ya 32 ikifeli, inajua kusoma logi ya 10h, kumbukumbu ya makosa ya NCQ ndani ya diski, ili ijue ni ipi? Kama huna jibu la hilo la mwisho, siku diski ikipata sekta mbovu utarudisha kosa kwa amri isiyo na hatia, na yenye kosa utaipongeza. Hapo zima NCQ bila aibu, hata kama wale wawili wamekubali.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwa nini nisiwashe tu, ikikataa nizime?*

Kwa NCQ unaweza, maana ikifeli inapiga kelele. Linux yenyewe makosa yakizidi huizima na kuandika "NCQ disabled due to excessive errors". Anwani za biti 64 hazipigi kelele. Utagundua data ikiwa imeshaharibika.

*Nashuku NCQ kwenye seva yetu, ila siwezi kukompaili keneli. Nifanyeje?*

Andika 1 kwenye /sys/block/sda/device/queue_depth, au buti na libata.force=noncq. Tatizo likiisha, usishangilie mapema: umepunguza mzigo pia, na kebo mbovu au umeme dhaifu navyo hutulia mzigo ukipungua.

*Mwalimu, shikamoo. NVMe (njia ya SSD za PCI) nayo iko hivi hivi?*

Marahaba. Mitego ni ya ukoo mmoja. MQES, urefu wa foleni, inaanzia sifuri. MDTS, kikomo cha data kwa amri moja, ni kinyume: sifuri yake maana yake hakuna kikomo, na ukiichukua kama ukubwa utajinyima kila kitu. Write Zeroes, amri ya kujaza sifuri, hutangazwa kwenye ONCS (orodha ya amri za hiari), lakini keneli ina NVME_QUIRK_DISABLE_WRITE_ZEROES kwa diski zinazoitangaza na kuishindwa.

*Sina mashine yenye S64A mbovu. Nitapimaje?*

Ipe QEMU RAM ya GB 6, washa kimeo chako cha biti 32 kwa nguvu, kisha chapisha kila anwani unayoiweka kwenye PxCLB (orodha ya amri), PxFB (majibu ya diski), jedwali la amri na PRDT (orodha ya mahali pa data kwenye RAM). Zote ziwe chini ya 0x100000000. Ilaze mashine, iamshe, uchapishe tena.