Mzigo wa vifaranga wa samaki umechelewa? Usifungue mfuko!

Wakuu wafugaji wa Moshi na Arusha, hili nalisema kila msimu wa kupandikiza na bado naitwa kuangalia vifaranga waliokufa. Basi limeharibika Same, mzigo uliotakiwa kufika saa 10 jioni unaingia stendi saa 5 usiku, mtu anamulika tochi anaona vifaranga wamepanda juu wanahema, huruma inamshika, anakata mpira uliofunga mfuko "wapumue", halafu anamimina maji ya bomba humohumo. Hapo ndo unawaua jamani, sio kwenye basi.

Sikilizeni kinachoendelea ndani ya mfuko. Vifaranga wanapumua wanatoa hewa ukaa, inayeyuka kwenye maji, pH (kipimo cha asidi ya maji) inashuka, yaani asidi inaongezeka. Wakati huohuo wanatoa amonia, sumu ya uchafu wao wenyewe, inajikusanya saa kwa saa, ila kwa vile pH iko chini sehemu kubwa ya hiyo amonia inakuwa kwenye hali isiyowadhuru sana. Ukifungua tu, hewa ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka kali na kuchoma matamvua wanayopumulia. pH ikitoka 7 kwenda 8, ile amonia kali inaongezeka karibu mara 10! Na maji ya huku kwetu, hasa ukanda wa Usa River na Maji ya Chai, mengi yana magadi, kwa hiyo kikombe cha maji unachoongeza kwa nia njema ndo kinawamaliza. Hapo bado oksijeni ya mtungi uliyoilipia imeshaondoka, na ukipuliza kwa mdomo unawaongezea hewa ukaa tu.

Wengi hawafi palepale. Wanaonekana wazima, kesho na keshokutwa wanaanza kuelea mmoja mmoja, mfugaji anampigia muuzaji simu kumlaumu.

Kuna na hili la mfuko kuvimba. Mfuko uliofungwa Dar ukipanda mpaka Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ya nje unapungua na mfuko unakaza kama ngoma, basi watu wanautoboa na sindano wakidhani utapasuka. Acheni kabisa. Dawa yake ni huko unakofungwa: maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili, mfuko ndani ya mfuko, na usijazwe mpaka mwisho, ukibonyeza na kidole gumba kiingie kidogo. Vifaranga wasile saa 24 kabla ya safari maana aliyeshiba anachafua maji. Na kama barabara huiamini, mwambie muuzaji apunguze idadi ya vifaranga kwa kila mfuko, utalipia mifuko miwili ya ziada lakini utapokea samaki.

Mzigo ukichelewa, kazi yako ni kivuli tu. Weka kwenye boksi, funika na gunia bichi, mbali na injini na mbali na jua la stendi. Mfuko ukipasuka njiani hapo ni kesi nyingine, wahamishe wote kwenye ndoo ya maji safi yasiyo na klorini (dawa ya maji ya bomba), yenye joto linalokaribiana na la mfuko, na pampu ya hewa ya betri, usianze kuongeza maji kidogokidogo kwenye yale machafu.

Ukifika bwawani, elesha mfuko UKIWA UMEFUNGWA dakika 20, ule mkubwa 30, kivulini, kwa sababu mfuko juani unapanda joto haraka sana. Pima na kipimajoto, sio kwa mkono! Tofauti ya ndani na nje isizidi nyuzi 2, na mwezi wa 6 na wa 7 maji ya Arusha yanakuwa baridi kweli kwa hiyo usiruke hatua hii. Ikishalingana, fungua, chota vifaranga kwa wavu laini, waachie, yote yaishe ndani ya dakika 2 hivi kwa kila mfuko. Maji ya mfuko mwaga shambani, yasiingie bwawani. Kama ni mchana na bwawa ni la kijani sana subiri usiku uingie, maana mchana mwani unapandisha pH na jioni bado iko juu, ila mzigo ulioingia usiku usiulaze stoo kusubiri kukuche, elesha usikuusiku.

Nyie wa samaki wa mapambo pale mjini, ni hivyohivyo. Ile ya kudondoshea maji ya tangi mfukoni kwa mrija saa nzima inafaa mfuko uliotoka dukani sasa hivi, sio uliolala njiani.

Wakizama na kuanza kuzunguka kwa kundi, wako poa. Chakula hakuna mpaka saa 24 zipite, halafu anza na nusu ya kipimo siku 2, na anayeelea mtoe asubuhi na jioni kabla hajaoza.