Vikombe vinne na maharage 24: namna ya kufundisha NAD na FAD

Nafundisha tuisheni ya baiolojia hapa Majengo, Moshi, kidato cha tano na cha sita. Kinachowasumbua wanafunzi wangu katika upumuaji wa seli si glukosi wala mitokondria, ni NAD na FAD. Wamekariri kwamba vinabeba elektroni. Waulize vikishatua mzigo vinakwenda wapi, darasa zima kimya.

Tafuta maharage 24 na vikombe vinne vya plastiki. Maharage ni elektroni zote zinazotoka kwenye molekuli moja ya glukosi ikivunjwa mpaka mwisho. Vikombe vitatu vyeupe ni NAD, kimoja cha njano ni FAD, na FAD yenyewe ni ya njano kweli. Kila kikombe hubeba maharage mawili kwa safari. Kuna walimu wanaoweka vikombe 12 ili hesabu itimie mara moja. Nakusihi usifanye hivyo. Seli ina NAD chache, na hizohizo ndizo zinazokwenda na kurudi. Uhaba wa vikombe ndio somo lenyewe.

Meza ya kwanza, glaikolisisi (glukosi inapokatwa vipande viwili), weka maharage 4. Ya pili, piruveti, yaani vipande hivyo, ikiingia mitokondria, 4. Ya tatu, mzunguko wa Krebs, ambako kilichobaki kinamalizwa kuvunjwa, 16, manne kati yake ya kikombe cha njano. Mwanafunzi anachota, anapeleka mlangoni, anarudi na kikombe kitupu. Safari 10 nyeupe, 2 za njano.

Mlangoni, yaani kwenye mnyororo wa kupokezana elektroni, ndipo pa kukaa sana. Panga wanafunzi wanne, wapokezane maharage mkono kwa mkono. Wa mwisho ni oksijeni, anayezipokea elektroni na kuungana na protoni kuwa maji. Kadiri elektroni zinavyoshuka, nguvu yake inasukuma protoni kuvuka utando wa ndani wa mitokondria: 10 kwa kila kikombe cheupe, 6 kwa cha njano, kwa sababu mzigo wa FAD unaingilia baada ya pampu ya kwanza ya protoni. Hapo nauliza nani ameshafika bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa linazuia maji, yakifunguliwa yanazungusha mitambo ya umeme. Protoni nazo zimezuiliwa. Zinarudi kupitia kimeng'enya ambacho sehemu yake inazunguka kweli, na kila protoni 4 zinaleta ATP moja, molekuli inayoipa seli nishati ya kufanya kazi. Wazo hili alilitoa Mwingereza Peter Mitchell mwaka 1961, likampa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1978.

Basi kikombe cheupe ni ATP 2.5, cha njano 1.5. Vyeupe 25, vya njano 3, ongeza 4 zilizotengenezwa moja kwa moja: 32. Ile 38 ya madaftari ya zamani ilihesabu 3 kwa cheupe na 2 kwa cha njano.

Sasa mwambie oksijeni afumbe mikono. Waliosimama nyuma yake wanabaki wameshika maharage, mlango umeziba. Vikombe vinajaa kimoja baada ya kingine. Mwaka jana binti mmoja alibaki katikati ya chumba na kikombe chake kimejaa, akasema, "Mwalimu, glukosi ipo, lakini nachotea nini?" Nilimwomba arudie kwa sauti, wote wasikie.

Jibu lipo kwenye pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi. Chachu ndani ya pipa lililofunikwa inakosa oksijeni, kwa hiyo inachukua piruveti, inaitoa kaboni dioksaidi, kisha inakitwisha kinachobaki elektroni zile, nacho kinakuwa pombe. Misuli ya anayepanda mlima kwa kasi inaitwisha piruveti yenyewe, inakuwa lakteti. ATP haiongezeki hata moja kwa kitendo hicho. Kinachopatikana ni kikombe kitupu.

Weka sahani ya piruveti kando ya meza ya kwanza. Mwanafunzi amwage humo maharage yake mawili, achote mengine palepale. Glukosi moja, ATP 2, na meza ya pili na ya tatu zimekaa bila mtu.