Somo: Namna ya kuzisikiliza rekodi za Django Reinhardt, kuanzia kwenye ridhim

Kila ninapompa mtu rekodi za jazi ya Manouche, hurudi baada ya siku mbili akisema: "Ni tamu, lakini gitaa linakimbia mno, sipati pa kushika." Nami nilikwama hapohapo mwaka mzima. Nilikuwa namkimbiza mpiga solo. Siku nilipoacha kumfuata Django nikawasikiliza wale wanaompigia nyuma, muziki wote ulifunguka, na mpaka leo sijauchoka. Kwa hiyo somo hili tunalianza kwenye gitaa la ridhim, yaani lile linaloshika mapigo nyuma ya mpiga solo.

Kwa ufupi kwa wageni: Django Reinhardt alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 huko Liberchies, Ubelgiji, katika familia ya Wamanouche, watu wa jamii ya Waroma (si wenyeji wa jiji la Roma) waliokuwa wakiishi kwenye magari ya msafara. Alikulia pembezoni mwa Paris, na akiwa bado kijana mdogo alikuwa tayari anapata riziki kwa kupiga banjo nyuma ya wapiga kodiani kwenye kumbi za dansi. Mwaka 1928 gari alilokuwa akilala lilishika moto. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na kile kidogo, vilijikunja na havikunyooka tena. Solo zote mtakazozisikia hapa alizipiga hasa kwa vidole viwili vilivyobaki, cha shahada na cha kati. Mwaka 1934 yeye na mpiga fidla Stéphane Grappelli wakaunda Quintette du Hot Club de France: gitaa tatu, fidla na besi kubwa la kusimama. Hakuna drams. Hilo la kukosa drams liwekeni kichwani.

Hatua ya 1: Tafuta rekodi yenye tarehe

Django alirekodi wimbo mmoja mara nyingi, miaka tofauti, na watu tofauti. Ukitafuta jina la wimbo peke yake utaletewa yoyote. Tunayoitaka ni "Minor Swing" ya tarehe 25 Novemba 1937, yenye Django, Grappelli, Joseph Reinhardt na Eugène Vées kwenye gitaa za ridhim, na Louis Vola kwenye besi. Ina dakika tatu na ushee tu, kwa sababu upande mmoja wa santuri za wakati ule haukubeba zaidi ya hapo. Ukikuta ya mwaka 1949, iweke kando, tutaihitaji baadaye.

Vaa spika za masikioni. Spika ya simu hailitoi besi, na bila besi somo hili halipo.

Hatua ya 2: Msikilize kila mtu isipokuwa Django

Mara ya kwanza mfuate Louis Vola peke yake. Mwanzoni kabisa gitaa na fidla wanatoa kauli fupi, kisha besi inajibu. Kauli, jibu. Kisha wanaachia na wimbo unaondoka.

Mara ya pili wasikilize wapiga ridhim wawili. Hapa ndipo ningetaka mkae muda mrefu. Mtindo wao Wafaransa huuita la pompe, yaani pampu, na jina limekaa mahali pake. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Pigo la kwanza na la tatu mkono wa kulia unagusa zaidi nyuzi nene, kwa ulaini. Pigo la pili na la nne unashuka kwenye nyuzi zote kwa nguvu, na papo hapo vidole vya kushoto vinalegea ili sauti ife. Kule kulegea ndiko kunakofanya kazi ya drams. Wanaume wawili na gitaa za mbao wanazalisha mlio mkavu ambao bendi nyingine ingehitaji mtu wa kupiga ngoma ndogo.

Inasimuliwa kwamba gitaa la pili la ridhim lilikuja kwa sababu Django alilalamika: Grappelli akipiga solo anasindikizwa na gitaa mbili, lakini zamu ya Django ikifika anabaki na moja. Basi akaongezwa mtu. Sikilizeni, na mtaona alikuwa na haki. Ridhim moja peke yake ingekuwa nyembamba.

Hatua ya 3: Hesabu vipimo 16

Wimbo huu hauna ubeti wala kiitikio. Ukimaliza utangulizi, unaingia moja kwa moja kwenye solo, na chini yake kuna mzunguko wa vipimo 16 unaojirudia, kila kipimo mapigo manne. Kwa wanaopiga gitaa, kodi zake (yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ni hizi: Am6 vipimo viwili, Dm6 viwili, E7 viwili, Am6 viwili. Hapo umefika nusu. Kisha Dm6 viwili, Am6 viwili, E7 viwili, na Am6 inayokurudisha mwanzo kupitia E7. Wanamuziki huongeza vikorombwezo vyao humo, lakini mifupa ni hiyo.

Asiyepiga gitaa ahesabu kwa vidole. Usiendelee na hatua ya nne mpaka uweze kusema "sasa tumerudi mwanzo" bila kukosea mara tatu mfululizo.

Hatua ya 4: Sasa mfuate Django

Anaanza yeye, Grappelli anafuata. Ukiwa tayari unaujua mzunguko, utagundua kwamba Django hakimbii ovyo. Anaitaja kodi iliyopo kwa kuipandisha noti moja moja, anatulia, anairudia kauli na kuigeuza kidogo, kisha anateremka kwa noti zinazobanana kama mtu anayeshuka ngazi kwa haraka. Sikiliza pia noti anayoishika na kuitikisa mpaka inalia kama sauti ya binadamu.

Halafu, zamu ya fidla inapofika, usimwache Django. Amerudi kwenye ridhim, lakini hakai kimya: anatikisa kodi, anamsukuma mwenzake. Mimi napenda kazi yake hiyo kuliko hata solo.

Hatua ya 5: Linganisha na Roma, 1949

Vita vilipotangazwa Septemba 1939 kundi lilikuwa London. Django alirudi Ufaransa, Grappelli akabaki Uingereza, wakakutana tena mwaka 1946. Mwanzoni mwa 1949 walikwenda Roma wakarekodi nyimbo nyingi na Waitalia watatu: Gianni Safred kwenye piano, Carlo Pecori kwenye besi na Aurelio de Carolis kwenye drams. "Minor Swing" imo. Isikilize mara baada ya ile ya 1937. Pampu haipo, piano na drams zimechukua nafasi yake, na Django anacheza akiwa na uwazi mwingi zaidi mbele yake. Wapo wanaoipenda hii zaidi. Mimi naikosa pampu, lakini solo za Roma zina ujasiri ambao kijana wa 1937 hakuwa nao.

Hatua ya 6: "Nuages" mara mbili

Huu ni wimbo mwingine wa Django. Tunaanza na rekodi ya Desemba 1940, Paris ikiwa chini ya Wajerumani. Fidla haipo, klarineti zimeshika nafasi yake, na wimbo ulipendwa mno jijini. Ya pili ni ya Machi 1953: gitaa la umeme, pamoja na Maurice Vander kwenye piano, Pierre Michelot kwenye besi na Jean-Louis Viale kwenye drams. Django alifariki tarehe 16 Mei mwaka huohuo, akiwa na miaka 43. Sikilizeni hizi usiku, kwa utulivu. Sina maelekezo zaidi.

Hatua ya 7: Waliorithi

Rosenberg Trio wa Uholanzi, kwa ajili ya pampu safi iliyorekodiwa vizuri. Biréli Lagrène wa Alsace, aliyetoa rekodi yake ya kwanza akiwa mtoto, mwaka 1980. Anzeni na hao wawili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Morogoro): Kaka, nimekuta mikusanyo ya Django kama hamsini, nyimbo zilezile. Nichukue upi?

Jibu: Chukua unaofuata mpangilio wa miaka. Ule wa kampuni ya rekodi ya JSP wenye diski tano unashughulikia miaka ya 1934 hadi 1939, na sauti yake imesafishwa kwa uangalifu. Anayetaka kila kitu kuna ule mkubwa wa kampuni ya Frémeaux & Associés. Jihadhari na mikusanyo iliyofutwa mikwaruzo yote: mara nyingi wakifuta mikwaruzo wanafuta na ule mlio mkavu wa ridhim niliousifia.

Swali (Mombasa): Shikamoo mwalimu. Mimi hupiga ridhim kwenye bendi ya dansi. Nikijaribu la pompe mkono unachoka kabla wimbo haujaisha.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Bila shaka unapiga kwa mkono mzima kuanzia begani. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, kilegee kama unakung'uta maji. Tumia piki nene (kile kibapa cha kupigia nyuzi). Anza polepole sana, na usiongeze kasi mpaka pigo la pili na la nne zikatike sawasawa. Wengi wa leo huongeza mpapaso mdogo wa kupanda kabla ya pigo la kwanza na la tatu. Huo uache kwa sasa.

Swali (Dar es Salaam): Nimesoma kwamba neno "jipsi", wanaloitwa Waroma, ni tusi. Tuseme nini?

Jibu: Waroma wengi wanalichukia, ndiyo maana nimeandika Manouche, jina la jamii yenyewe ya Django. Tukumbuke pia kwamba katika miaka ile ya vita, Wanazi walikuwa wanawakamata na kuwaua Waroma na ndugu zao Wasinti katika nchi nyingi za Ulaya. Mwaka 1943 Django alijaribu kuvuka kwenda Uswisi akarudishwa mpakani.

Swali (Lubumbashi): Je, kuna uhusiano wowote na gitaa letu la Kongo?

Jibu: Upo mlango mmoja, ndugu yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpiga gitaa wa jazi kutoka Ubelgiji, Bill Alexandre, alifika Léopoldville (Kinshasa ya leo) kufanya kazi na kampuni ya rekodi ya CEFA, na ndiye anayetajwa kuleta gitaa la umeme kwenye studio za huko. Lakini ridhim ya Kongo ina asili yake, tusimvike Django isiyo yake.

Swali (Tanga): Mwalimu, binti yangu wa miaka 14 anapiga gitaa. Amesikia habari ya vidole viwili, sasa amefunga vingine kwa plasta anataka kuiga. Nimwache?

Jibu: Mama, mpe pongezi zangu kisha mtoe hiyo plasta. Django alipiga hivyo kwa sababu alilazimika, na hata vile vidole vilivyojikunja alivitumia kidogo kwenye kodi, juu ya nyuzi nyembamba. Lakini siku moja tu, kwa nusu saa, mruhusu apige mstari mmoja wa solo ya "Minor Swing" kwa vidole viwili bila kufunga chochote. Atagundua mkono haukai mahali pamoja, unasafiri kwa urefu wa shingo ya gitaa. Ndipo ataelewa kwa nini kauli za Django zinapanda na kushuka vile. Akishaelewa, arudishe vidole vyote vinne na aanze na pampu.