Sarafu za Fedha za China na Japani: Pima Kwanza, Bei Baadaye

Ukiishi Guangzhou, Yiwu au Hong Kong hukawii kuzikuta: sarafu nene, kubwa kuliko shilingi yoyote uliyowahi kushika, zimetandazwa kwenye kitambaa cha machinga. Moja ina joka, nyingine ina mzee mnene mwenye upara. Muuzaji atakuapia kwamba ni za babu yake. Nyingi kati ya hizo zimetoka kiwandani juzi tu na hazina madini ya fedha hata chembe, hivyo kabla ya kuuliza bei uwe na mizani ndogo ya sonara mfukoni, ile inayosoma hadi 0.01 ya gramu.

Kwa anayeanza, mimi ningemwambia aanze na yeni ya Japani, hata kama anaishi China. Sababu ni rahisi: imeandikwa uzito wake yenyewe. Upande wa joka, pembezoni chini, utasoma 416 ONE YEN 900. Hiyo 416 ni uzito kwa kipimo cha zamani kiitwacho greni, yaani gramu 26.96, na 900 maana yake sehemu 900 kati ya 1,000 ni fedha safi. Juu yake kuna mwaka wa mfalme Meiji, unaosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Jifunze tarakimu zao tu: 一 二 三 四 五 六 七 八 九 十. Mwaka wa 30 ni 三十. Jumlisha 1867 upate 1897. Mwaka huohuo Japani ilianza kupima thamani ya pesa yake kwa dhahabu, na yeni nyingi za fedha zikapigwa mhuri mdogo wa duara wenye herufi 銀 (yaani fedha) ili zitumike Taiwan na Korea. Ukiuona mhuri huo usidhani sarafu imeharibiwa.

Yule mzee mwenye upara ni Yuan Shikai, aliyekuwa rais wa China baada ya ufalme kuanguka. Wachina humwita Yuan Kichwa Kikubwa. Hapa unajumlisha 1911: mwaka wa 3 wa Jamhuri ni 1914, na miaka mingine utakayoiona ni wa 8, wa 9 na wa 10. Uzito ni kama gramu 26.7, kipenyo milimita 39 hivi. Hesabu herufi zilizo juu ya kichwa: ya mwaka wa 3 ina sita, za miaka iliyofuata zina saba kwa sababu iliongezwa 造 (yaani imetengenezwa). Ukiuziwa ya mwaka wa 8 yenye herufi sita, mrudishie mwenyewe.

Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri hiyo, naye ana sarafu yake yenye jahazi la matanga mawili nyuma. Za 1933 na 1934 ni za kawaida. Za 1932 zina ndege watatu juu ya jahazi na jua linalochomoza. Japani ilikuwa imeivamia Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, mwaka uliotangulia, jua hilo likawakera watu, zikaondolewa. Ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana feki zake zimejaa kila kona.

Uzito peke yake hautoshi, kwa kuwa mwigaji mjanja huongeza unene. Sumaku nayo hukamata chuma tu. Kipimo ninachokiamini ni cha maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Yeni halisi itaonyesha kama gramu 2.61. Gawanya 26.96 kwa 2.61, unapata 10.3, na huo ndio msongamano wa fedha ya 900. Ukipata kitu cha karibu na 9, umeshika shaba iliyochanganywa na nikeli.

Utakutana pia na sarafu za Mexico au za Waingereza zilizopigwa vihuri vya Kichina usoni. Vihuri hivyo vilipigwa na wafanyabiashara na wabadilisha fedha kuthibitisha kwamba wameikagua. Sarafu kubwa za fedha za namna hii zilizunguka hadi Bahari ya Hindi. Reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, waliyohesabia wazee wetu Zanzibar ni ya ukoo huohuo, gramu 28 na kidogo.

Usiisugue. Si kwa majivu, si kwa dawa ya meno, si kwa ndimu. Weusi ule wa miaka 100 ndio mnunuzi anaoutaka, na sarafu iliyong'arishwa hushuka bei palepale. Ihifadhi kwenye kibweta cha plastiki ngumu. Plastiki laini za PVC huacha utando wa kijani, na joto la pwani huharakisha mambo.

Kwa ya bei kubwa, nunua iliyokwisha kukaguliwa na kufungiwa kibwetani na PCGS au NGC, kampuni za Marekani za kukagua sarafu, na uihakiki namba yake kwenye tovuti yao, maana hata vibweta vyao vinaigwa. Kuhusu kurudi nyumbani: sheria ya China inazuia kutoa nje vitu vya kale bila kibali, kwa hiyo ukiwa huko ulizia mapema. Beba risiti, na usizitie kwenye barua ya kawaida ya posta.