Si kila damu chooni ni bawasiri: jinsi ya kutofautisha

Hapa Mombasa mtu akiona damu chooni hukimbilia duka la dawa, anunue ya kupaka ya bawasiri. Lakini huenda shida ni nyingine kabisa. Kabla hujatoa pesa, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: angalia maumivu. Damu nyekundu inayodondoka bila kuuma, pengine na kinyama kinachochomoza ukijikamua, ni dalili ya bawasiri ya ndani. Kinyama kikirudi chenyewe, daktari huweza kukifunga mpira kwenye shina kikanyauka. Uvimbe mgumu wa zambarau uliotokea ghafla nje ni damu iliyoganda; kuupasua kunafaa zaidi ndani ya saa 72.

Choo kikipita kama kigae cha chupa, na uchungu ukabaki dakika nyingi au saa kadhaa, huo ni mchaniko wa ngozi ya tundu la haja kubwa. Huu ndio unaodhaniwa sana kuwa bawasiri. Msuli wa tundu hujikaza kwa uchungu, damu haifiki kwenye kidonda, hakiponi. Mgonjwa akaogopa choo, choo kikakauka, kikachana tena. Basi tiba ni kuulegeza huo msuli. Keti kwenye beseni la maji vuguvugu dakika 10 hadi 15, hasa baada ya haja. Daktari akikuandikia diltiazemu ya kupaka ya 2% (dawa ya kulegeza msuli), paka mara 2 kwa siku kwa wiki 6 hadi 8. Wengi huacha dawa mara uchungu ukipoa, na mchaniko hurudi. Mchaniko wa kawaida hukaa katikati, mara nyingi nyuma. Ukiwa ubavuni, pimwe kifua kikuu, kaswende na VVU.

Hatua ya 2: uchungu unaopwita usiku na mchana, pamoja na homa, ni jipu. Antibiotiki peke yake haitoshi. Usaha utolewe haraka. Kikibaki kitundu kinachovuja, ni nasuri, na hiyo kwa kawaida ni kazi ya mpasuaji.

Hatua ya 3: lainisha choo. Kunde, mchicha na papai, ukiongeza polepole usijae gesi, na maji ya kutosha kwa joto letu hili. Ramadhani, yanywe kidogo kidogo tangu futari hadi daku.

Hatua ya 4: damu iliyochanganyika na choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda au upungufu wa damu: usipake chochote, omba kipimo cha kamera ya utumbo, hata kama bawasiri unayo.